Majina Yasiyoandikwa Ukutani

Baluba wa Katanga walikuwa na kitu kimoja kidogo kiitwacho lukasa. Ni kibao cha mti cha kushikwa kwa mkono mmoja, nacho kimebonyea kidogo kiunoni. Juu yake zimepachikwa shanga za rangi mbalimbali na simbi, na pengine kimechorwa kwa kisu. Mtu asiyejua akikitazama huona pambo tu. Lakini mzee wa chama cha Mbudye alikishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kuume ushanga kwa ushanga, naye akasimulia: jinsi Nkongolo alivyotawala kwa ukali, jinsi mwindaji Mbidi Kiluwe alivyofika kutoka mashariki, jinsi mwanawe Kalala Ilunga alivyoupata ufalme, tena njia walizopita, mahali pa heshima pa wafalme, na nani aketi wapi mbele ya mfalme. Historia ya dola nzima ilikuwa katika kiganja cha mkono.

Leo vibao vya namna hii vimo katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani. Vimewekwa ndani ya kioo, vumbi limepanguswa, taa yawaka juu yake. Chini kuna karatasi: mti, shanga, Baluba, karne ya 19 au ya 20. Wageni hupita, hustaajabu, huenda zao. Kibao ni kilekile na shanga ni zilezile. Aliyekosekana ni msomaji.

Nimeanza na kibao hiki kwa sababu wengi wetu twadhani kwamba kumbukumbu hukaa ndani ya vitu, na kwamba kitu kikitunzwa basi kumbukumbu imetunzwa. Sivyo. Mnajua habari ya Yoshua, alipowavusha Waisraeli mto Yordani. Aliamuru mawe kumi na mawili yatolewe katikati ya mto, yasimamishwe Gilgali. Kwa nini? Ili watoto watakapouliza maana ya mawe yale, baba zao wawajibu. Angalieni sana: Yoshua hakutegemea jiwe peke yake. Alitegemea mtoto wa kuuliza na mzazi wa kujibu. Mmoja wa hao watatu akikosa, mawe ya Gilgali huwa mawe tu, kama yale ambayo mama zetu hutegea chungu.

Sasa twende Tervuren, karibu na mji wa Brussels, kwa maana huko ndiko viliko vitu vingi vya nchi yetu kuliko mahali pengine po pote. Mwaka wa 1897 mfalme Leopold II alifanya huko maonyesho makubwa ya mambo ya Kongo. Hakuleta pembe za ndovu na mpira tu. Alileta pia watu. Wakongo 267 walivushwa bahari, wakawekwa katika vijiji vya maonyesho ndani ya bustani ili Wabelgiji wawatazame. Zaidi ya watu milioni 1 walikuja kuwatazama. Wengine waliwatupia vyakula, mpaka ikapasa kuweka tangazo la kuwakataza. Mvua na baridi vikawaingia wale wageni, na saba kati yao wakafa huko ugenini. Majina yao ni haya: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili, huko huko Tervuren.

Baada ya maonyesho hayo likajengwa jumba kubwa la mawe, likafunguliwa mwaka wa 1910, nalo ndilo nyumba ya makumbusho hata leo. Ndani yake kuna ukumbi mrefu ulio na ukuta wa majina. Ni majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo kabla ya mwaka 1908, yaani katika siku za utawala wa Leopold mwenyewe. Sitaki kuwadharau marehemu hao. Wengi walikuwa vijana, homa iliwaua baada ya miezi michache, na mama zao waliwalilia kama mama wengine wo wote. Jina la kila mmoja limeandikwa, nayo ni haki ya maiti. Lakini katika ukuta ule hamna jina la Mkongo hata mmoja. Na Wakongo waliokufa katika miaka ile ile, kwa kazi ya mpira, kwa kubeba mizigo, kwa njaa, kwa risasi, kwa malale, je, ni wangapi? Hakuna aliyekaa kuwahesabu, sembuse kuandika majina.

Ninyi wanafunzi, hapo mpate somo juu ya nyumba za makumbusho. Ukuta ule hausemi uongo. Majina yote 1,508 ni ya kweli. Hata hivyo mtu akiusoma peke yake ataondoka na mawazo ya uongo, kwamba huko Kongo walikufa Wabelgiji. Nyumba ya makumbusho yaweza kudanganya bila kusema neno moja la uongo, kwa kuchagua tu ni nani aandikwe na nani aachwe.

Jumba hilo lilifungwa mwaka wa 2013 ili litengenezwe, likafunguliwa tena Desemba 2018. Watu wakauliza: ukuta ule ufanyweje? Kuubomoa haikuwezekana, kwa kuwa jengo lenyewe linalindwa na sheria. Ndipo mchongaji wetu Freddy Tsimba, mtu wa Kinshasa, akafanya kazi ambayo mimi naiona kuwa ya hekima. Hakuugusa ukuta. Aliyaandika majina ya Wakongo wale saba katika vioo vya madirisha yanayouelekea. Jua linapoangaza, kivuli cha majina yale huingia ndani na kulala juu ya majina 1,508. Kazi hiyo yaitwa Vivuli. Mawingu yakitanda kivuli hutoweka, na huko Ubelgiji mawingu si haba! Ila jua likirudi, nao hurudi.

Kuna habari nyingine yatuhusu kwa karibu zaidi, sisi tunaosema Kiswahili upande wa ziwa Tanganyika. Mwaka wa 1883 afisa mmoja Mbelgiji, Emile Storms, alijenga boma huko Mpala, pwani ya magharibi ya ziwa, na wenyeji wakamwita Bwana Boma. Milimani alikuwapo mkuu mmoja wa Watabwa, jina lake Lusinga, naye alikuwa na nguvu. Wawili hao hawakupatana. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms walikiingia kijiji cha Lusinga, wakamwua, wakamkata kichwa, wakateketeza kijiji. Storms aliporudi kwao alichukua fuvu la Lusinga pamoja na sanamu nzuri sana ya mti, ya mzee wa ukoo ule. Fuvu likapimwa na wataalamu, likawekwa katika nyumba ya sayansi ya viumbe mjini Brussels pamoja na mafuvu ya wanyama na mawe ya kale. Sanamu ikaenda Tervuren. Storms mwenyewe akachongewa sanamu ya shaba, ikasimama hadharani katika uwanja mmoja wa Brussels mpaka ilipoondolewa mwaka wa 2022.

Hapo lazima niseme jambo ambalo wengine hawapendi kulisikia. Lusinga hakuwa mwana-kondoo. Alikuwa mtekaji na mwuzaji wa watu, na vijiji vingi vilimwogopa. Vitabu vyasema hivyo, na wazee wa Watabwa pia hawakuficha. Basi tusimfanye shujaa kwa sababu tu aliyemwua alikuwa mgeni. Kukumbuka si kusifu. Mtu aliyeuza wenzake bado ni mtu, na fuvu lake si kitu cha kuwekwa rafuni na kupewa namba.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Allen F. Roberts, alikaa kati ya Watabwa katika miaka ya 1970 na kitu, akawauliza wazee juu ya mambo hayo. Alikuta kwamba walikuwa nayo habari ya Lusinga na Bwana Boma, tena kwa namna yao, si kama ilivyoandikwa katika daftari za Storms. Miaka karibu 90 ilikuwa imepita. Fuvu halikuwapo, sanamu haikuwapo, wala hapakuwa na ukuta wala kioo, lakini wasimulizi walikuwapo. Huko Brussels vitu vilikuwapo, msimulizi hakuna. Hivyo kumbukumbu moja ilikatwa vipande viwili, kimoja huku na kimoja kule, na kila kipande chahitaji chenzake.

Mwaka wa 1885 boma la Mpala lilikabidhiwa Mapadri Weupe, likawa misheni. Mwaka mmoja hivi baadaye, katika nchi ile ile ya Watabwa, alizaliwa Stefano Kaoze, aliyepewa upadri tarehe 21 Julai 1917, Mkongo wa kwanza katika nyakati zetu. Twamkumbuka kwa Misa yake ya kwanza, nayo ni haki. Lakini twasahau kwamba kabla ya kuwa padri, akiwa bado seminarini, aliandika juu ya mawazo na desturi za watu wake, na maandishi yake yalianza kuchapishwa mwaka wa 1910. Ndio mwaka ule ule lilipofunguliwa jumba la Tervuren! Wakati vitu vya Kongo vilipokuwa vikipangwa katika makabati huko Ulaya, kijana mmoja wa Kitabwa alikuwa ameketi na kalamu kwao, akiandika maana. Tungalikuwa na akina Kaoze hamsini katika miaka ile, leo makabati yale yangekuwa na sauti.

Tena tuseme kweli, si vitu vyote vilivyochukuliwa na wanajeshi. Vingi vilichomwa moto mbele ya misheni, vikaitwa mambo ya shetani, bila mtu kuuliza kwanza ni vipi vya uganga na vipi vilikuwa vitabu vya watu wasioandika. Lukasa je, ilikuwa uganga au kitabu? Nadhani mzee wa Mbudye angalicheka kusikia swali hilo.

Siku hizi vitu vimeanza kurudi, ingawa kwa hatua za kinyonga. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha vitu 114, na baadaye vingine vikaibwa hapa kwetu, vikauzwa tena nje. Aibu hiyo ni yetu, tusimtupie mtu. Mwaka wa 2019 ilifunguliwa Kinshasa nyumba mpya ya makumbusho ya taifa, iliyojengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini. Mwezi wa Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliipa serikali yetu orodha ya vitu kama 84,000 vilivyoko Tervuren, na tarehe 8 Juni mwaka ule mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku kiitwacho Kakuungu. Alikileta kwa mkopo usio na mwisho. Hayo ndiyo maneno yaliyotumika: mkopo! Wazee wa kijijini wangependa kuelezwa jinsi mtu anavyokopeshwa kinyago cha babu yake. Mwezi uliofuata Ubelgiji ilitunga sheria ya kurudisha vitu, lakini sheria hiyo yahusu vitu, si mifupa ya watu. Ndugu zake Lusinga hawakupata neno humo.

Mwezi huo huo wa Juni lilirudi pia jino la Patrice Lumumba. Lilikuwa ndilo baki pekee la mwili wake, kwa kuwa waliomwua mwaka wa 1961 waliuharibu mwili wote makusudi, ili pasiwe na kaburi. Likatembezwa nchini, hata Shilatembo alipouawa, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2022. Jino moja tu, na umati wa watu barabarani. Waliomwua walijua vizuri kazi ya kaburi.

Wasomaji wapenzi, mpaka hapa tumesema juu ya Brussels na Kinshasa, na pengine mmoja wenu amekwisha kuwaza: hayo ni mambo ya wakubwa. Basi turudi huku kwetu mashariki, penye makaburi yetu wenyewe. Tarehe 24 Agosti 1998, katika wilaya ya Mwenga, askari waliua watu huko Kasika na katika vijiji vya Kilungutwe na Kalama. Waliuawa padri na masista pale pale parokiani, akauawa na mwami wa nchi ile, wakauawa wanaume kwa wanawake na watoto. Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti mwaka wa 2010 juu ya mauaji yaliyofanyika Kongo toka 1993 hata 2003. Imeeleza matukio 617, na kwa tukio hilo yasema zaidi ya watu 1,000. Tangu 2023 serikali huadhimisha tarehe 2 Agosti kuwa siku ya kuwakumbuka wote waliouawa katika vita hizi. Ni vema. Lakini zaidi ya watu 1,000, maana yake nini? Ni 1,003 au 1,200? Na wao ni akina nani? Twamlaumu aliyejenga ukuta wa Tervuren kwa kuwaacha watu wetu bila majina, nasi twawaandika watu wetu kwa hesabu ya kukadiria, kama magunia ya mhogo!

Kanisa Katoliki hupenda kukumbuka kwa majina. Padri akitumia Kanuni ya Roma huwataja Lino, Kleto, Klementi, Agata, Lusia, Anyesi, watu waliouawa miaka 1,700 na zaidi iliyopita, na kila mmoja kwa jina lake. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, walitangazwa Wenye Heri bruda Vittorio Faccin na mapadri Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Miaka karibu 60 ilikwisha kupita. Waliwezaje kutangazwa? Ni kwa sababu watu waliuliza mashahidi, wakaandika, wakahifadhi. Ni nani aliona, alisimama wapi, alisikia nini. Kazi hiyo ilifanywa kwa wanne. Katika mwaka ule wa maasi walikufa wakristu wengi ambao hawatawekwa kamwe juu ya altare, na mashahidi wa vifo vyao sasa ni wazee wa miaka 70 na 80.

Kila parokia, kwa sheria ya Kanisa, yapaswa kuwa na vitabu: cha ubatizo, cha ndoa, na cha marehemu. Ombeni ruhusa ya kukitazama hicho cha tatu. Ubatizo huandikwa vizuri, maana watu huhitaji cheti. Ndoa pia huandikwa. Lakini cha marehemu mara nyingi kina kurasa tupu, na kurasa hizo tupu ziko katika miaka ile hasa ambayo watu walikufa wengi, kwa kuwa katika miaka ile mapadri walikuwa wamekimbia, au wameuawa, au vitabu vimechomwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo nyumba ya makumbusho ya kwanza inayopasa kutengenezwa. Haihitaji fedha za Korea.

Mwezi wa Novemba ni mwezi wa marehemu, na watu huja na majina ya kuombewa katika Misa. Karatasi zile zinasomwa, kisha zinatupwa. Ningependa zisitupwe. Na ninyi wanafunzi wa madarasa ya juu, mnaojua kuandika bila makosa, nendeni kwa babu na bibi mkiwa wawili wawili, mchana, wasipokuwa wamechoka. Msianze kwa kuuliza habari ya vita. Anzeni kwa kuuliza nani alikaa nyumba hii, na nani nyumba ile. Andikeni jina la marehemu, jina la baba yake, kijiji, mwaka au msimu wake kama tarehe haijulikani, na jina la aliyewaambia. Mzee akinyamaza, msimsukume. Rudini wiki nyingine. Wazee wawili wakisema maneno mbalimbali, andikeni yote mawili, wala msichague. Andikeni hata jina la mtu ambaye kijiji hakikumpenda. Kisha nakilini mara mbili, nakala moja ikae kwa padri, nyingine kwa mwalimu, katika sanduku la bati, si la mti, kwa sababu ya mchwa. Tena tumieni penseli. Wino wa kalamu za bei rahisi hufifia upesi, nao ukipata unyevu wa masika hutawanyika katika karatasi.